Nyumba Iliyomsahau Bi Rehani

Jinsi Bi Sihaba Mkufya alivyofika Ruksani si habari ya kutupotezea muda. Kufika alifika, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, mwenye maradhi ya kuuliza, na tangu astaafu maradhi hayo yalikuwa yamemzidi kwa kukosa wa kumuuliza. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka katika nchi ambayo kila mlango una masharti yake, umempeleka peponi.

Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba huko Ruksani nyumba humjua mwenyewe. Kila mtu mzima ana nyumba yake peke yake, hata mke na mume, ambao hujenga ubavu kwa ubavu na kupigiana hodi kila asubuhi kama majirani. Ukifika mlangoni unataja jina lako na neno lako la siri, mlango unafunguka, na mle ndani kila kitu kiko vile ulivyokiacha. Kigoda kiko pale pale, ukuta una rangi uliyoichagua, dirisha limefunguliwa kadiri upendavyo. Nyumba inajua hata sukari unayotia kwenye chai. Hapo Bi Sihaba alimkumbuka marehemu mumewe, ambaye katika ndoa yao yote hakulijua hilo la sukari, akacheka peke yake njiani.

Jambo la pili ni kilemba. Nyuma ya kila mlango huko hutundikwa kilemba chekundu, na aliyekivaa ana amri ya kubomoa ukuta, kuongeza chumba na kumgawia mtu mwingine funguo. Sheria inasema kivaliwe siku ya ujenzi tu, kisha kirudishwe msumarini. Lakini Bi Sihaba aliwaona watu wamevaa vilemba vyekundu sokoni, kisimani, hata kitandani. Akamsimamisha mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mbuzi barazani pake, anakuna nazi.

"Dada, samahani. Kilemba cha kubomolea kuta na nazi vinahusiana nini?"

"Nikikivua, nyumba inanisumbua," alijibu yule mama bila kuinua uso. "Nataka kuhamisha sufuria, inaniuliza, 'Una hakika?' Nataka kufungua kabati, 'Una hakika?' Mimi mtu mzima niulizwe kama nina hakika na kabati langu? Bora nilale nacho."

Bi Sihaba aliona ana haki, na aliona pia amekosea, na katika kazi yake ya zamani alikuwa amezoea kuyaona hayo mawili katika shahidi mmoja.

Jambo la tatu ndilo zito, na ndilo lililowaponza wengi. Kwetu sisi, neno "karibu" ni adabu. Ruksani ni hati. Mtu akipiga hodi ukamjibu karibu, ameingia kisheria, tena ameingia kwa cheo ulichokuwa nacho wewe wakati wa kutamka. Ukiwa umevaa kilemba, naye anahesabiwa kavaa. Na watu wa kule, kwa bahati mbaya, wamelelewa vizuri. Kabla hodi haijamalizika kinywani mwa mgeni, karibu imeshatoka kinywani mwa mwenyeji, na kuuliza "Nani?" kwanza huonekana ni ukosefu wa malezi. Bi Sihaba alilelewa hivyo hivyo, na wewe msomaji pia, kwa hiyo tusiwacheke sana.

Serikali ilimpangia alale kwa mzee mmoja aitwaye Fumo, fundi wa kuchonga milango, mtu mrefu wa maneno machache. Chakula kililetwa na mkewe, Bi Rehani, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri ambaye alionekana ametoka kulia muda si mrefu. Bi Sihaba alivumilia mpaka ndizi zikaisha sahanini.

"Dada Rehani, nyumba yako ni hii ya jirani?"

"Ni yangu, ila yenyewe haijui."

Basi akasimulia. Asubuhi moja alikuwa jikoni, kilemba kichwani kama kawaida, akasikia hodi, akajibu karibu huku anapepeta mchele. Akaingia kijana nadhifu mwenye fagio jipya, akajitambulisha kuwa ni Fundi Hisani. Alisema amepita nje akasikia kunguni wanatembea ndani ya kuta, kunguni wengi mno, na kwa kuwa nyumba yenyewe ni nzuri kuliko zote za mtaa ule, na mwenyewe anaonekana ni mama mwenye akili zake, basi ataifagia bure.

"Alinivika kilemba cha ukoka juu ya kile chekundu," alisema Bi Rehani. "Vilemba viwili, dada. Kichwa kingefikiri saa ngapi?"

Kunguni hawakuwapo, ila mfagiaji aliwaleta. Kesho yake madirisha yote yalitazama mnadani, na wachuuzi wakawa wanaingiza vichwa ndani kumwonyesha viatu. Keshokutwa sauti ya Bi Rehani, sauti yake yenyewe, ilisikika ikipiga hodi kwa ndugu na marafiki mji mzima, ikisema imekwama safarini, naomba unifungulie. Na wao waliposikia ni Rehani, wakasema karibu. Kumtimua Fundi Hisani haikuwezekana, kwa kuwa karibu ikishatamkwa hairudishwi, na ule msemo wa mgeni siku ya tatu mpe jembe, Ruksani haumo katika sheria. Jembe lilikuwa la mgeni tayari.

Mwishowe Wafagizi wa Serikali waliitwa. Wakamtoa darini, wakamtoa mtungini, na mara ya tatu wakamtoa mahali ambapo hakuna aliyedhania: katika mazoea ya nyumba. Alikuwa ameifundisha nyumba kwamba kila ikifunguliwa asubuhi, kabla ya kumsalimu Bi Rehani imwamshe yeye kwanza. Wafagizi wakaling'oa zoea lile, wakajipangusa mikono, wakatangaza nyumba ni safi.

"Na kweli ni safi," alisema Bi Rehani. "Njoo uone."

Asubuhi iliyofuata Bi Sihaba alisimama naye mlangoni. Bi Rehani alitaja jina lake na neno lake la siri, mlango ukafunguka, na sauti baridi ikasema, "Karibu, mgeni wa muda." Ndani kuta zilikuwa nyeupe tupu. Hapakuwa na kigoda wala mtungi. Kila alichokileta mle mchana, nyumba ilikifuta mara tu alipotoka, ikawa kesho yake anaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango mdogo wa chumba cha ndani, na Bi Rehani alipousukuma ukajibu, "Huna ruhusa."

"Mle ndani mna nini?" aliuliza Bi Sihaba.

"Mna mkeka wa Mwanakombo."

Mwanakombo alikuwa binti yao, na arusi yake ilikuwa Ijumaa. Ruksani msichana akiolewa huiacha nyumba ya usichana akapewa nyingine, na nyumba mpya haimtambui mpaka mama yake atandike kizingitini mkeka aliousuka kwa mkono wake, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Bi Rehani alikuwa ameusuka ule tangu mtoto anatambaa, ukili kwa ukili, na pembeni ameutia maneno kwa miyaa ya rangi. Bila mkeka, bwana arusi ataingia ndani kwake, bibi arusi atasimama nje ya kwake. Na akisimama nje siku ya kwanza, nyumba humwita mgeni wa muda maisha yake yote.

"Si usuke mwingine kwa mzee Fumo?"

"Kilichosukwa nyumbani kwa mtu ni cha mtu. Nimejaribu kusuka humu. Nikitoka jioni kwenda kulala, nikirudi asubuhi hakuna hata uzi."

Alisema hayo kwa utulivu, na Bi Sihaba alihuzunika kuliko alivyotarajia, maana alikuwa amekuja kuuliza maswali, hakuwa amekuja kumpenda mtu.

Wakamchukua na mzee Fumo, wakaenda wote watatu Idara ya Utambuzi. Foleni ilikuwa ndefu, na karibu nusu ya waliopanga walikuwa na habari ya fagio jipya. Dirishani aliketi karani mpole aitwaye Bwana Idhini, ambaye nyuma yake palikuwa na ukuta mmoja mweupe. Ukuta ule, waliambiwa, unakumbuka kila kitu ambacho watu wamewahi kuambia nyumba zao.

Bwana Idhini alimsikiliza Bi Rehani mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza, "Mama, umetoka ukaingia tena?"

"Nimetoka na kuingia mpaka kizingiti kimelika."

"Ulitoka kabisa? Ukakaa nje kidogo kabla ya kuingia?"

Bi Sihaba aliuliza kama dawa hiyo huponya. Bwana Idhini alijibu kwa fahari kwamba huponya mara nyingi sana, wala hakuna mwanachuoni wa Ruksani aliyewahi kueleza kwa nini, na kwamba kuna dhehebu zima la wanazuoni wanaoamini kuwa haina haja ya kuelezwa. Kinyume chao wako Wachomaji, wanaosema nyumba iliyowahi kulala Hisani iteketezwe na kila kilichomo, ijengwe upya juu ya majivu. Madhehebu haya mawili yamekuwa yakijadiliana tangu enzi za mababu, na wakati yakijadiliana, watu hulala kwa waume zao.

"Na wewe uko upande gani?" aliuliza Bi Sihaba.

Karani aliangalia kushoto na kulia, akainama. "Mimi ni mtumishi wa umma. Lakini mama yangu yalipompata, nilimjengea nyumba nyingine kando ya ile, kwa jina jipya. Tukahamisha vitu, kimoja kimoja, tukivikung'uta. Vitu vihame, mazoea yasihame. Ukihamisha mazoea umemhamisha na Hisani. Kikulacho ki nguoni mwako, na wengi huhama na nguo zote."

Bi Rehani alikubali hapo hapo. Kwa sheria ya Ruksani nyumba mpya huota wakati ule ule jina linapotajwa, na Bwana Idhini alipoliandika jina la Rehani wa Pili, ukuta ulijibu kwamba imeota. Kulikuwa na tatizo moja dogo, akasema karani, na Bi Sihaba, aliyefanya kazi na makarani maisha yake yote, alijua kwamba dogo maana yake ni kubwa.

"Mkeka ni mali ya Rehani wa Kwanza. Wewe sasa ni wa Pili. Huwezi kutwaa mali ya mwenzio."

"Mwenzangu ni mimi."

"Nami ninaamini, mama. Lakini ukuta hauamini sura, na neno lako la siri Hisani ameshalichezea. Umebaki mlango mmoja tu. Siku ulipoipata nyumba yako ya kwanza, uliuachia ukuta swali, ukaupa na jibu lake. Hilo hakuna mgeni anayeweza kulibadili. Ukilijibu, wewe ndiye. Una nafasi tatu, na zikiisha chumba kile hakifunguki tena kwa mtu yeyote."

Bi Rehani alisema hakumbuki swali lolote. Alikuwa na miaka kumi na minane, hajaolewa, ndiyo kwanza kapewa nyumba ya usichana. Bwana Idhini akaugeukia ukuta, akasoma kwa sauti ya ofisini inayofika mwisho wa foleni.

"Swali lako ni hili: Nani umpendaye kuliko wote?"

Foleni ikatulia. Nchi ya watu wanaolala na vilemba si nchi ya watu wasiopenda habari za wenzao.

"Mwanakombo," alisema Bi Rehani upesi.

"Siyo," alisema karani. Bila shaka siyo, Mwanakombo alikuwa hajazaliwa. Bi Sihaba aliona nafasi imetupwa, akamshika shoga yake mkono.

Bi Rehani akamtazama mumewe aliyesimama kando, mikono nyuma, kisha akautazama ukuta. "Fumo," alisema.

Ukuta ulichukua muda, kama unatafuta kwa bidii. "Siyo," alisema Bwana Idhini, na safari hii alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Fumo aliangalia viatu vyake. Bi Sihaba, ambaye alikuwa amewatafsiria wezi na wauaji bila kutikisika, alitamani angekuwa mahali pengine. Alikuwa ameelewa. Mwanamke huyu alikuwa na nafasi moja, na jibu lake alilijua vizuri sana. Ilionekana wazi kwa jinsi alivyokuwa anafunga na kufungua ncha ya kanga yake.

"Nimesahau," alisema Bi Rehani. "Turudi nyumbani."

"Mama Mwanakombo," alisema mzee Fumo.

"Nimesema nimesahau, Baba Mwanakombo."

"Hujasahau. Hata mimi sijasahau. Siku niliyokuja kuposa, nilikutana naye mlangoni kwenu anatoka, na gambusi lake begani. Tukapishana."

"Usiniaibishe mbele ya mgeni."

"Mgeni tumeshakula naye. Ukuta unauliza habari za mwaka ule, na mwaka ule mimi nilikuwa sijafika. Kuna aibu gani hapo? Aibu ni mtoto wetu kusimama kizingitini Ijumaa mumewe yuko ndani." Alikohoa. Kwa mzee Fumo hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima. "Basi mtaje, tukachukue mkeka. Nitamtaja mimi ukitaka."

"Haikubaliki," alisema Bwana Idhini. "Lazima iwe sauti yake."

Bi Rehani alifumba macho, akanong'ona.

"Ukuta haujasikia, mama. Kwa sauti kidogo."

"Badrudini!" alisema Bi Rehani, na Badrudini huyo akasikika mpaka nje barabarani.

Ukuta ukasema, "Karibu, Rehani."

Mchana huo nyumba ya zamani ilimtambua Bi Rehani, ikamrudishia vyake vyote, wakahama. Bi Sihaba alibeba vyungu, mzee Fumo akabeba kitanda, na kila kitu kilikung'utwa kwanza juani. Walipofika kwenye namna madirisha yalivyozoea kufunguka, waliiacha. Wakaacha na ile desturi ya nyumba ya kumwandalia chai kabla hajaomba, ingawa Bi Rehani aliililia kidogo, maana ilikuwa chai nzuri. Kilemba kipya kilitundikwa msumarini, na alipotaka kuhamisha sufuria, nyumba ilimuuliza kama ana hakika, naye akajibu kwa meno yaliyoumana kwamba anayo. Mkeka ulitoka mwisho. Ulikuwa mrefu kuliko ukumbi, na Bi Sihaba alisoma pembeni mwake, kwa miyaa myekundu na ya zambarau: *Ingia mwanangu, hapa ndipo kwako.* Akaomba aguse, akaruhusiwa.

Jambo moja lilibaki. Rehani wa Pili alitakiwa kuuachia ukuta swali lake na jibu, kwa ajili ya siku ambayo Mungu aiepushe. Wakarudi Idarani jioni, foleni imekwisha, mkeka umekunjwa begani mwa mzee Fumo.

"Unachagua swali gani, mama?" aliuliza Bwana Idhini. "Kuna jina la mwalimu wako wa kwanza. Kuna chakula ukipendacho. Watu wengi siku hizi huchagua chakula."

"Lile lile la mwanzo," alisema Bi Rehani.

Karani alitazama kalamu yake. Kisha akatangaza kwamba jibu ni siri, na kwa hiyo waliopo wageuke. Bi Sihaba aligeuka kwa shida kubwa, kwa sababu hakuna alichotaka kukijua zaidi katika nchi ile nzima. Mzee Fumo alikuwa amegeuka kabla hajaambiwa. Alikwenda kusimama kwenye pembe ya mbali kabisa, paji la uso likigusa ukuta wa nyuma, na mkeka begani, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Bi Rehani aliinama dirishani akanong'ona. Bwana Idhini akakohoa, akasoma alichoambiwa na ukuta kwa ile sauti yake ya ofisini, ambayo maskini hakuwa na nyingine.

"Jibu limekataliwa, mama. Ni fupi. Herufi nne hazitoshi, sheria inataka zisipungue nane."

Katika pembe yake mzee Fumo hakugeuka. Lakini Bi Sihaba, aliyekuwa karibu naye, aliuona mkono wake uliokuwa huru ukishuka ubavuni, na kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka kikafika kidole cha mwisho kikatulia hapo.

"Naweza kulitaja mara mbili?" aliuliza Bi Rehani.

"Sheria haikatazi," alisema Bwana Idhini.

Mzee Fumo, paji lake likiwa bado ukutani, alirudi kwenye kidole cha kwanza, akahesabu upya.